Kibarua Asiyeweza Kukataa

Mvuvi aliyekulia ufukweni Palma, kaskazini mwa Msumbiji, anajua mengi ambayo hayamo katika cheti chochote. Anajua bamvua inaingia lini na maji mafu yanaisha lini. Kusi ikichafuka ghafla, anajua kisiwa cha kukimbilia. Anajua changu wanakaa wapi, na jarife linatandwaje lisinase kwenye miamba. Mtu huyohuyo akienda kuomba kazi kwa mkandarasi wa ujenzi wa mradi wa gesi rasi ya Afungi, anaingizwa kundi la wasio na ujuzi. Shule hakufika mbali, Kireno chake ni cha kusalimiana, na lugha anazozimudu, yaani Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, hazimsaidii kitu mbele ya fomu. Anapewa sururu au rungu la mlinzi, na ujira wa chini kuliko wote.

Wanaosema ujira huo ni wa haki wana hoja nzito, na si vizuri kuipuuza. Wanasema ujira ni bei kama bei ya samaki. Kuchimba mtaro anaweza kila mwenye mikono na afya, wanaoitaka kazi hiyo ni wengi, kwa hiyo bei yake iko chini. Mchomeleaji wa mabomba analipwa zaidi kwa kuwa wenzake ni wachache. Aliyemwajiri kibarua hakumshika shati, na kibarua alikubali mwenyewe.

Hoja yote hiyo imeegemea ridhaa. Lakini ridhaa ya mtu hupimwa kwa kuuliza angekula nini kama angekataa. Nikiitazama pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kwa miaka mia na zaidi iliyopita, naona kwamba ujira wa kibarua wake haukupangwa na ujuzi wake hata siku moja. Umepanda pale alipokuwa na pengine pa kwenda, na umeshuka kila alipofungiwa.

Tuanze na Kampuni ya Nyassa. Mwaka 1891 Ureno ilitoa hati ya kuitawala ardhi yote kati ya mto Lurio na mto Ruvuma kwa kampuni binafsi. Kampuni hiyo ilikuwa na makao Ibo, baadaye Porto Amélia, mji ambao leo ni Pemba, na ilitawala hadi 1929. Mtaji wake ulikuwa mdogo na mashamba yake machache. Bidhaa yake kubwa ilikuwa watu. Ilitoza kodi ya nyumba, na aliyeshindwa kuilipa aliilipa kwa mwili wake: kubeba mizigo, kutengeneza barabara, kulima shamba la mzungu, au kusafirishwa kwenda migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya huko ilipozuia mwaka 1913 kuajiri watu wa kaskazini ya nyuzi 22 za kusini mwa ikweta. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, vijiji vya huku vilikombwa wapagazi wa kubebea majeshi mizigo, hasa baada ya Wajerumani wa Lettow-Vorbeck kuvuka Ruvuma Novemba 1917. Kampuni ilipoondoka, shuruti ilibaki. Watu waliiita chibalo, na sheria za kazi za wenyeji ziliipa sura ya halali: Mwafrika asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi alihesabiwa mvivu, na mvivu alipelekwa kazini. Kuanzia 1938 ikaongezwa pamba ya lazima, mkulima akilima kwa amri na kuuza kwa bei aliyopangiwa.

Hapa wanaotetea bei ya soko wanapaswa kusimama kidogo. Dola yenye bunduki ilihitaji sheria, manyapara na viboko ili kupata watu wa kuchimba na kubeba, kazi zilezile zinazosemwa kwamba wanaoziweza ni wengi na kwa hiyo ni za bei rahisi. Zingekuwa rahisi kwa ridhaa ya watu, kiboko kingekuwa cha nini? Watu walikuwa na mashamba, walikuwa na bahari, na ujira uliotolewa haukutosha kumtoa mtu kwenye muhogo wake. Mreno badala ya kuupandisha ujira akaamua kufunga njia nyingine.

Njia moja ilimshinda kuifunga, nayo ni Ruvuma. Ng'ambo kulikuwa na mkonge wa Tanganyika, Lindi na Mikindani karibu, Tanga mbali zaidi, na Wamakonde wa Msumbiji walivuka kwa maelfu. Wenyeji wa Tanganyika waliwaita Wamawia na kuwacheka kwa ndonya na chale zao, lakini mabwana wa mashamba waliwatafuta kwa udi na uvumba, maana walisifika kwa kukata mkonge. Maisha ya huko hayakuwa mazuri, na sitaki kuyapamba. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliishi kambini katika chumba cha kubanana, na alifanya kazi kwa kipande, kadi yenye siku 30 ambazo alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Siku iliwekewa alama pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa, na kadi isiyojaa haikuwa na malipo kamili. Mkonge unachoma, sumu ya majani yake inawasha ngozi, na jua halina huruma. Pamoja na hayo, watu walivuka mwaka baada ya mwaka, na wengi hawakurudi. Mkono uleule wa Mmakonde asiyejua kusoma ulikuwa na bei moja kusini ya mto na bei kubwa zaidi kaskazini yake. Ujuzi wake haukubadilika alipopanda mtumbwi. Kilichobadilika ni kwamba ng'ambo hakuna aliyeweza kumfunga kamba na kumpeleka shambani, kwa hiyo ilibidi alipwe.

Waliovuka walijifunza kulinganisha. Kwenye nyanda za Mueda, upande wa Msumbiji, Lázaro Nkavandame, aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliongoza mwishoni mwa miaka ya 1950 ushirika wa wakulima wa pamba wa hiari, uliowapa wanachama wake nafuu ya kukwepa chibalo. Juni 16, 1960, Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane walifika Mueda kutoka Tanganyika kuzungumza na utawala wa Kireno juu ya Wamakonde wanaotaka kurudi kwao wakiwa huru. Walikamatwa, umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Mwaka uliofuata Ghana iliishtaki Ureno mbele ya Shirika la Kazi Duniani kwa kazi za shuruti katika makoloni yake, na mwaka huohuo wa 1961 Lisbon ikaanza kuzifuta sheria zake za kazi za wenyeji. Msumbiji huru ilipoamua kuwa na fedha yake yenyewe, iliizindua Juni 16, 1980, miaka 20 kamili baada ya Mueda. Kila metikali anayolipwa kibarua wa Palma leo imezaliwa katika kumbukumbu ya siku ile, na ningependa wanaopanga mishahara walikumbuke jambo hilo wanapokaa mezani.

Sasa tuje kwenye gesi. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani iligundua gesi nyingi baharini mbele ya Palma. Mwaka 2012 karibu hekta 7,000 za rasi ya Afungi zilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kuigeuza kimiminika. Mwaka 2019 uamuzi wa kuwekeza ulipitishwa, na TotalEnergies ya Ufaransa ikauchukua mradi wenye gharama ya karibu dola bilioni 20. Wenyeji wa Milamba, kijiji cha wavuvi ndani ya eneo hilo, walihamishiwa Quitunda, makazi mapya yenye nyumba za matofali, umeme, shule na zahanati. Nyumba ni nzuri kuliko zile walizoziacha. Hilo lisemwe wazi. Lakini Quitunda iko mbali na maji. Aliyekuwa akitoka mlangoni na kuiona ngalawa yake sasa anategemea gari kufika ufukweni, na sehemu ya bahari aliyoivua imezuiwa kwa usalama wa mradi. Wanawake waliozoea kwenda mwambani maji yakitoka, kuchokoa pweza na kuokota kombe, walipoteza kitoweo pamoja na kile kifedha kidogo ambacho mume hakukiulizia. Mashamba ya kufidia kwa baadhi ya familia yalichelewa sana, na malalamiko yao yamesikika kwa miaka.

Kisha vita. Mocímboa da Praia ilishambuliwa na waasi Oktoba 5, 2017, ikatekwa Agosti 2020, na haikukombolewa hadi Agosti 2021, majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yalipoingia. Palma yenyewe ilivamiwa Machi 24, 2021. Mwezi mmoja baadaye mradi ukasimamishwa, na amri ya kuusimamisha haikuondolewa rasmi hadi Novemba 2025. Vita vilipopamba moto, waliokimbia makazi yao walipita watu milioni moja. Wengi wamerudi na kukuta boti imeoza, nyavu zimeibiwa, minazi haina mwenyewe.

Mtu wa namna hii ndiye anayesimama alfajiri mbele ya geti la mkandarasi. Shamba limechukuliwa au lina hofu. Bahari ina mipaka, na doria inakuuliza umetoka wapi. Ng'ambo ya Ruvuma kuna pasi, askari na maswali. Mnyapara akija na kusema leo anataka watu kumi kwa bei fulani, wanaonyoosha mkono ni mia, na hakuna anayethubutu kuuliza kama bei inaongezeka. Mwenye njaa hana miiko. Ukiniambia kwamba watu hawa wamekubaliana na mwajiri, nitakuuliza nani aliyewafikisha mahali ambapo hawawezi kukataa. Kwa sehemu kubwa ni mradi huohuo unaowaajiri, pamoja na vita vilivyoota katika umaskini huohuo. Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo walioichunguza Mocímboa da Praia walieleza mwaka 2019 jinsi kundi lile la waasi lilivyowavuta vijana wa biashara ndogondogo kwa kuwapa mikopo. Kijana asiye na mtaji alipata mtaji. Silitoi hilo kama udhuru kwa wauaji, ila anayedhani ujira wa chini hauna gharama aiweke na hiyo katika hesabu.

Hesabu yenyewe ya nyumbani ni fupi. Msumbiji ina kima cha chini kwa kila sekta, kinachojadiliwa na serikali, waajiri wa CTA na vyama vya wafanyakazi vya OTM na CONSILMO. Mwaka 2024 kima cha kilimo kilipandishwa kutoka metikali 5,800 hadi 6,338 kwa mwezi, yaani karibu dola 99. Ujenzi una kima chake, cha juu kuliko hicho. Benki na bima wako juu zaidi ya mara mbili ya kilimo. Chukua 6,338, uzigawe kwa siku 30 na kwa watu watano: kila mmoja anapata metikali 42 kwa siku, kwa chakula, sabuni, mafuta ya taa, daftari na dawa. Palma ya leo haina nyumba nyingi za watu watano. Ndugu waliokimbia Macomia na Mocímboa wamelundikana humo, na wakifika kumi, kila mmoja ana metikali 21. Na hapo tunasema juu ya mwenye mkataba. Kibarua wa siku, yule wa ganho-ganho, mara nyingi hakioni kima hicho kabisa, kwa sababu analipwa leo na kesho haitwi. Mfanyakazi wa nyumbani, anayefua nguo za wahandisi waliopanga mjini, hata hakuwekewa kima cha chini na kanuni ya mwaka 2008 inayohusu kazi yake.

Kuna upande wa hatari pia. Palma ilipovamiwa, miongoni mwa waliouawa walikuwa wafanyakazi wa makandarasi wadogo. Manusura na familia za baadhi yao walifungua mashtaka Ufaransa mwaka 2023, wakisema TotalEnergies haikuwalinda. Kampuni inakanusha, na uchunguzi wa kimahakama umeanzishwa Ufaransa. Shauri hilo lina wenyewe. Ninachokiona mimi ni kwamba mlinzi wa nje ya uzio ndiye wa kwanza kukutana na adui, na ndiye wa mwisho katika orodha ya mishahara. Ikiwa bei ya kazi inapimwa kwa kile mtu anachokitoa, sijui ni kipimo gani kinachouacha uhai wake nje.

Wapo watakaosema: pandisheni ujira, na kazi zitapotea. Hawasemi uongo, na mfano upo papa hapa jirani. Wakati wa kupata uhuru, Tanganyika iliunda tume ya mishahara chini ya mwenyekiti Chesworth, na kuanzia Januari 1963 kima cha chini kikaanza kutumika, mashamba ya mkonge yakiwemo. Mashamba yalipunguza watu, tena wengi, ndani ya miaka michache. Kipande cha zamani kikafifia, mfanyakazi wa kudumu mwenye familia akachukua nafasi ya manamba, na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua kutoka mbali, ikakosa kazi. Waliobaki walilipwa vizuri kuliko wazazi wao. Walioachwa waliachwa kweli, na miongoni mwao walikuwa wageni waliotoka ng'ambo ya Ruvuma. Kuanzia 1964 bei ya mkonge nayo ilianguka, kamba za nailoni zikaja, na tangu hapo imekuwa vigumu kusema ni wangapi walioondolewa na mshahara na wangapi walioondolewa na soko la dunia.

Nayapima hayo kwa uzito wake. Shamba la mkonge liliishi kwa kushindana na mashamba ya Brazili na viwanda vya nailoni, na ujira ulikuwa sehemu kubwa ya gharama zake. Mradi wa gesi haufanani nalo. Katika dola bilioni 20, fedha zinakwenda kwenye meli, chuma, mitambo, riba na wataalamu wa kutoka nje. Ujira wa mchimba mtaro ni tone. Hata ukiongezwa maradufu, hakuna atakayeihamisha gesi ya Ruvuma kwenda kuichimba Qatar, maana iko chini ya bahari ya Palma na haina miguu. Kwa mama wa Palma anayeuza maandazi na kumlipa binti wa kumsaidia, hoja ya kazi kupotea ni ya kweli, na sheria imwangalie kwa jicho lake. Kuihamisha hoja ya mama muuza maandazi na kuiweka mdomoni mwa mkandarasi wa Afungi si sawa.

Pwani hii ina desturi yake ya kugawana, na nashangaa haitajwi katika mijadala ya mishahara. Mashua ikirudi, kwanza watu hutoa kitoweo. Hata mtoto aliyesaidia kuvuta kamba haendi mikono mitupu. Samaki wakiuzwa, zinatolewa gharama: mafuta, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki kinagawanywa mafungu. Tajiri ana fungu la chombo na la nyavu, nahodha ana nyongeza yake, na kila baharia ana fungu. Mafungu hutofautiana chombo kwa chombo, na wapo matajiri wanaodhulumu, wanaowakopesha mabaharia hadi wakawa wafungwa wa deni. Lakini msingi wenyewe uko wazi kwa kila mtu aliyesimama pale ufukweni. Kijana mgeni wa kuchota maji ya ngama, ambaye bado hajui hata kufunga tanga, anapata kidogo kuliko nahodha, na hakuna anayelalamika, kwa sababu ujuzi unastahili nyongeza. Ila bahari ikitoa sana, na yeye anapata sana. Fungu lake linapanda pamoja na la tajiri, na samaki wanahesabiwa mbele ya macho yake.

Kwa kipimo hicho, sina ugomvi na mhandisi kulipwa kuliko mchimbaji. Ugomvi wangu ni kwamba mchimbaji hana fungu. Gesi ikipanda bei, ujira wake haupandi. Mradi ukisimama, kama ulivyosimama 2021, yeye ndiye anayeondoka bila kitu, ilhali mikopo na bima za wakubwa zina vifungu vyake. Hata hesabu haioni, kwa sababu kati yake na kampuni kuna mkandarasi, na chini ya mkandarasi kuna mkandarasi mdogo, na kila mmoja anakata chake kabla fedha hazijafika mkononi mwake. Anayetaka kujua kwa nini vijana wa Palma wanawanung'unikia wageni wanaowaita vientes, waliotoka Maputo wakiwa na Kireno na vyeti, aanzie hapo.

Yanayowezekana yanajulikana. Mwenye mradi anaweza kuandika katika zabuni kiwango cha chini cha ujira wa kibarua, kilicho juu ya kima cha sekta, ambacho mkandarasi haruhusiwi kukigusa anaposhindania bei. Anaweza kumlipia bima ya maisha mlinzi na mfagiaji kama anavyomlipia rubani wa helikopta. Anaweza kupima ujuzi wa mvuvi kwa kumpeleka baharini, na kumpa kazi ya boti za doria na za kupima kina badala ya sururu. Na kwa kuwa ujenzi ni wa miaka michache, na kiwanda kikianza kazi hakitahitaji vibarua wengi, ujira wa miaka hii unapaswa kutosha kuweka akiba ya kununua mashine ya boti na nyavu. TotalEnergies inalenga kuanza kuuza gesi mwaka 2029. Mwenye mashine yake na nyavu zake anaweza kumwambia mnyapara hapana.

Haya hayatatolewa kwa kuombwa na mtu mmojammoja getini. Majadiliano ya kima cha chini hufanyika Maputo kila mwaka, na viwango vipya kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Aprili. Kutoka Palma ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, na kibarua wa siku hana anayemsemea mle ndani. OTM na CONSILMO wanaweza kuanza na ofisi moja Palma, yenye mtu anayesema Kimwani na Kimakwe, anayepokea malalamiko ya asiye na mkataba na kuyaandika kwa Kireno ambacho Maputo wanakisoma.